Mbiu ya Bondeni Kigogo

Kilosa, 4 Januari 1937

Dada Zuena binti Mwishehe, shikamoo.

Kama barua hii imekukuta umesimama, keti kwanza, maana ina maneno mengi. Sisi huku ni wazima. Wifi yako anakusalimu, na kanga uliyomletea ameivaa Idi nzima hata majirani wakaanza kuuliza kama hana nyingine. Mtoto ameota meno na anamng'ata kila mtu, hata mimi niliyemzaa. Bibi Hamisa, mama mkwe wako, miguu yake inaendeleaje? Na shemeji Sadallah hajambo? Kila nikimtumia salamu hazirudi. Mwambie kurudisha salamu hakuchoshi mkono.

Sasa neno lenyewe. Juma lililopita mto wa hapa ulifurika mchana kweupe, jua linawaka. Hapa mjini halikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha mbali, juu milimani, na maji yakateremka mekundu, yamebeba migomba mizima na kuku wakiwa juu ya mapaa. Stesheni yetu ilijaa mpaka usawa wa dirisha la tiketi. Lakini hakufa mtu, dada. Hata kilema wa sokoni alipona. Kilichotuokoa ni mbiu. Kuna mzee anakaa kule darajani na pembe yake ya nyati, na katika nguzo ya daraja amechora alama. Maji yakigusa alama anapuliza, na kila mtu anajua njia yake ya kwenda juu na mgonjwa wake wa kubeba.

Tangu siku hiyo usingizi umenipaa kwa ajili yenu. Nyumba yako iko pua na mdomo na matete ya mto Msimbazi. Mvua ikinyesha kule juu Pugu, nani atakuambia? Nenda kwa Jumbe Mwinjuma, umweleze. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, tuliambiwa tangu utoto, na mimi nimeliona jambo lenyewe kwa macho yangu.

Nduguyo akupendaye,
Mfaume bin Mwishehe


Kigogo, 27 Januari 1937

Mdogo wangu Mfaume, marahaba.

Barua yako nimesomewa na Karani Albano, karani wa Jumbe, na ndiye anayeandika hii pia. Wajua mkono wangu uliishia chuoni, kwenye harufi za Kiarabu, na hata hizo nilikuwa naandika kama kuku amepekua mchanga. Karani anacheka ninapoyasema haya, lakini anayaandika.

Sisi hatujambo. Bibi Hamisa miguu haimchukui tena, mdomo ndio unaomchukua kila mahali. Mpunga wa bondeni umesimama vizuri. Sadallah ni mzima. Kazi ya machimbo ya mawe ilikwisha tangu mwaka juzi, siku hizi anakata matete ya kujengea nyua. Mara nyingi yupo nyumbani, mara nyingine hayupo.

Maneno yako nimeyachukua kwa mikono miwili. Mwanzo niliwaza, huyu mtoto amepata kofia ya reli sasa anataka kutuamrisha na sisi. Kisha usiku ule ikanyesha kidogo tu, nikasikia maji yakinung'unika nyuma ya nyumba, nikaogopa. Asubuhi nikawaita wanawake wa ngoma yetu ya lelemama. Hao ukiwaambia kesho tunavaa njano, kesho mtaa mzima ni njano, kwa hiyo sikuona watu wa kupangika kuliko hao. Tumegawana wazee na wagonjwa, kila mmoja na wake. Vyakula tumevipandisha darini. Mbuzi hawafungwi tena kwa fundo gumu. Tumejaribu hata kupanda mwinuko wa Mburahati na mikeka kichwani, makaa ya moto ndani ya vyungu, tukiimba ili tusiachane. Watu wa Mburahati wakatoka na vigelegele, wakidhani tunamleta bibi harusi.

Ila hiyo mbiu, Mfaume, tuiache. Tutapiga debe.

Dada yako,
Zuena

Nami niandikaye nakusalimu. Sikuelewa kwa nini dada yako haitaki mbiu, maana Jumbe anayo nzuri sana. A.


Kilosa, 9 Februari 1937

Dada, shikamoo.

Nimecheka na bibi harusi wenu mpaka stesheni masta akaja kutazama kuna nini. Wifi yako anasema angekuwapo angebeba ngoma. Sisi wazima, ila mtoto alipata homa, sasa imemwacha.

Lakini debe, dada! Debe hupiga anayefukuza ngedere mpungani, hupiga mlevi, hupiga mtoto aliyekosa kazi. Nani atayaacha mafuta jikoni kwa ajili ya debe? Nimeona huna nguvu ya kulisukuma jambo hili peke yako, kwa hiyo nimemwandikia Jumbe mwenyewe, kwa heshima zote, nikamweleza habari ya mbiu. Usinishukuru.

Na huyo shemeji "mara nyingine hayupo", anakuwa wapi? Mwanamume asiye na kazi na hayupo nyumbani, dada, mimi siongezi neno. Mwambie yeye na wenziwe wachore alama kwenye mti wa kando ya mto, na wachimbe ngazi kwenye ule mwinuko, utelezi wake naujua. Si haki ninyi wanawake mfanye peke yenu.

Mfaume


Kigogo, 8 Machi 1937

Mdogo wangu, marahaba.

Nimekawia kujibu. Idi ya kuchinja ilikuwa na wageni, kisha nikapata mafua. Bibi Hamisa anauliza mtoto wako amefanana na nani, na asifanane na wewe.

Jumbe amepokea barua yako. Amefurahi mno, ameisoma barazani mbele ya watu akisema, tazameni, kijana wa Kigogo aliyeko mbali anatufikiria. Juzi baada ya swala ya adhuhuri akaipuliza mbiu kwa majaribio. Wanawake tulipanda Mburahati. Wanaume walikuwa na shughuli zao.

Sadallah alama ameichora, kwenye mkuyu. Ngazi pia alianza kuzichimba. Usimseme, Mfaume. Humjui.

Kuna maneno ya karatasi na maneno ya mdomo. Huwezi kupata ruhusa, hata ya siku moja, ukaja? Nina neno nawe.

Zuena

Ndugu Mfaume, nami nimestaajabu. Mbiu ilipolia wanaume walikuwapo, na ilipomalizika kulia hapakuwa na hata mmoja. Mji wote tulibaki wanawake, wazee, na mimi. A.


Kilosa, 20 Machi 1937

Dada, shikamoo.

Ruhusa hakuna. Masika yanakuja, na reli haimwachi mtu masika. Kama neno lako ni la ndoa, vumilia mpaka nije, tutaliketia kama ndugu.

Juu ya wanaume wenu nimewaza sana, nikapata jawabu. Hawakusikia! Wako mashambani, wamekwenda mbali, na mbiu ya Jumbe naikumbuka, ni kipembe cha kuitia watu kwenye mashauri. Basi nimemwendea yule mzee wa darajani, nikambembeleza, akanitafutia pembe ya nyati dume, ndefu kuliko mkono wangu. Nilipoijaribu mbwa wote wa Kilosa waliinuka. Nimemkabidhi Revelian, gadi wa treni, mtu wa Bukoba na mwaminifu, ataifikisha kwa Jumbe kwa mkono wake. Ikilia hiyo, hata aliyelala kaburini ataitika.

Sasa nitalala, dada. Kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Mfaume


Kigogo, 29 Machi 1937

Mfaume,

Hii ni mimi mwenyewe, kwa harufi zangu za chuoni. Kama umezisahau, mtafute mwalimu wa Kurani akusomee, lakini asiwe mtu wa serikali. Nimeona haya kuandika miaka yote hii, na sasa naona haya kwa kuchelewa.

Sisi wazima. Pembe yako imefika, na Jumbe ameitundika barazani kama bunduki.

Sikiliza sasa. Wewe umeondoka hapa siku nyingi, hujui mbiu imekuwa nini. Tangu kazi zilipopotea wanaume wengi hawana cheti cha kodi, na asiye na cheti hufungwa kamba kiunoni akaponde mawe barabarani. Matarishi wa kodi wakija kutoka mjini, Jumbe hupuliza mbiu kuwaita watu barazani. Mbiu ikilia, wanaume wa Kigogo hukimbilia kwenye matete ya Msimbazi. Hulala humo kwenye tope mpaka tuwapelekee habari. Hata wenye vyeti hukimbia, maana miguu haiulizi. Sadallah naye yumo. Huko ndiko anakokuwa anapokuwa hayupo. Ningekuambiaje haya, naye karani wa Jumbe ndiye mkono wangu?

Umeelewa? Mbiu yako itawaambia watu wakimbie maji, nao watakimbilia mtoni.

Tumewaambia waume zetu, sote, kila mke na mumewe, kwamba hii ni ya maji. Wamecheka. Wanasema hiyo ndiyo hila ya Jumbe, anataka wapande wenyewe Mburahati awakamate kama kuku wa jioni. Sadallah peke yake ananiamini, na sijui kama ananiamini au ananionea huruma. Kwenda kwa Jumbe kusema "usipulize, wanaume wanajificha matetini" siwezi, nitakuwa nimewauza. Wewe unaweza. Mwandikie kwamba umekosea, kwamba pembe ni mbovu, kwamba ina mkosi, sema lolote. Alisikiliza neno lako la kwanza, atasikiliza na hili. Fanya haraka. Mbingu ya Pugu ni nyeusi tangu jana.

Zuena


Kilosa, 11 Aprili 1937

Dada, shikamoo.

Sijapata neno lako tangu Machi. Reli imekatika mbele ya Morogoro, mvua imeula udongo wake, na mifuko ya barua imelala huko. Hii nayo itangoja zamu. Wifi yako ana mimba tena, mwambie Bibi Hamisa kabla hajaiota mwenyewe.

Simu ya stesheni imeleta habari kwamba huko Pugu mvua haijakatika. Wenzangu wenye ndugu Dar es Salaam wamekaa roho juu. Mimi nimewaambia, sina wasiwasi, kwetu kuna pembe.

Mfaume


Kigogo, 25 Aprili 1937

Mfaume,

Sadallah amekufa. Nalisema mwanzo kwa sababu sina nguvu ya kulizungushia salamu.

Ilikuwa siku ya Jumatano, baada ya adhuhuri. Hapa Kigogo mawingu tu, halikudondoka hata tone, kama ulivyoeleza ya huko kwenu. Sadallah mwenyewe ndiye aliyeyaona maji yakigusa alama kwenye mkuyu, akakimbia kwa Jumbe kumwambia. Mtu asiye na cheti, akaingia barazani kwa Jumbe kwa miguu yake. Jumbe akaishusha pembe yako akapuliza. Ilisikika mpaka Mabibo. Sauti ile haikuwa kipembe tunachokijua, na wanaume wakaambiana huu si msako wa kawaida, leo wametoka askari wa mji mzima. Hata waliozoea kujificha uvunguni siku hiyo walikwenda matetini.

Wanawake tulipanda kama tulivyojifunza. Hakukosekana mtoto, hakukosekana mzee. Sadallah alimbeba mama yake mgongoni mpaka juu. Alipomtua akatazama chini, akayaona matete yakitikisika na watu wakizidi kuingia. Akaniambia, "Mie nashuka." Nikamshika shati. Akasema, "Zuena, Jumbe hawatamwamini. Wakiniona mie, mtoro mwenzao, watapanda." Kifungo cha shati kilibaki mkononi mwangu.

Yaliyobaki nimeambiwa na Mwishehe wa Mwanaasha, yule jirani yetu wajina wa baba, aliyetoka akiwa hai. Anasema Sadallah aliingia matetini akipiga kelele, "Tokeni, ni maji!" Wao wakamwambia anyamaze, anawaita askari. Mmoja akamuuliza, "Wamekununua kwa ngapi? Cheti wamekupa?" Akaanza kuwavuta kwa mikono, mmoja mmoja. Waliokubali kuvutwa ni wachache. Kisha ukasikika mlio, na matete yote yakalala upande mmoja.

Tumemzika juu, Mburahati. Tulimkuta Jangwani kwenye mikoko, pamoja na wenziwe. Nyumba zaidi ya thelathini zina eda, Mfaume. Bibi Hamisa amenyamaza, yule unayemjua.

Barua yangu ya Machi uliipata?

Zuena


Kilosa, 14 Mei 1937

Dada,

Barua zako zimefika siku moja, ndani ya mfuko mmoja. Nilifungua kwanza ya Aprili. Kisha nikaifungua ya Machi, nikaisoma mwenyewe, harufi zote nilizikumbuka.

Nilimdhania mtu yule mvivu. Nililala usingizi mzuri kwa sababu ya pembe ile, na nikajisifu kwa wenzangu. Naumia, dada, na najua maumivu yangu hayakusaidii kitu. Nimewaambia wakubwa wa reli wanifukuze wakitaka, eda yako ikiisha nakuja.

Nimemwandikia Jumbe barua ndefu, nikamweleza yote kuhusu mbiu na matete, ili isitokee tena. Sasa haina madhara kusema, walioficha siri ile wengi wamekufa.

Mfaume


Kigogo, 6 Novemba 1937

Mdogo wangu Mfaume, marahaba.

Uliponiacha mwezi wa Septemba nilifika nyumbani kutoka stesheni na miguu myepesi. Ulinifaa kwa kuja. Ngazi ulizozimalizia bado ziko imara. Wifi yangu akijifungua salama nipewe habari upesi, na jina mlilolichagua nimelikubali, ingawa nililia.

Sasa lazima nikueleze, kwa mkono wangu mwenyewe, ya Alhamisi ya juma lililopita.

Unajua Jumbe alikuja msibani, akaketi chini na kulia na sisi. Barua yako aliisoma akasema amejifunza. Unajua pia jinsi tulivyofundishana upya, wewe na mimi, nyumba kwa nyumba: mbiu ikilia ni maji, na njia ni moja, juu. Wanaume waliobaki hawakubisha tena. Walimkumbuka Sadallah, wakaapa.

Alhamisi asubuhi mbiu ililia, pembe yako ile ile. Mfaume, ungekuwapo ungejivunia. Hakuna aliyeuliza. Hakuna mwanamume aliyegeukia mtoni. Wote walipanda Mburahati, tena wao mbele, na wazee migongoni na watoto mabegani. Mwishehe alimbeba Bibi Hamisa. Mimi nilikuwa nyuma kuhesabu watu, kwa hiyo nilifika mwisho.

Juu walikuwapo matarishi wa kodi, wamesimama duara na kamba zao. Karani Albano alikuwa na meza yake chini ya kibanda cha makuti, hakuinua uso. Jumbe akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba mwaka huu hakuna haja ya kusumbuana matetini. Wanaume waliwaweka chini watoto waliowabeba, mmoja mmoja, wakafungwa; wachache tu waliponyoka. Mwishehe alikuwa bado na mama mkwe wangu mgongoni. Alinitazama akaniuliza, "Ndiyo maji haya, Zuena?"

Wamepelekwa kuponda mawe. Wake zao hawanisemeshi. Lelemama imevunjika, wanasema mafunzo yangu ndiyo yaliyokuwa mtego, na Jumbe na mimi ni kitu kimoja. Juzi nilipiga debe ili tukutane, hakuja mtu. Dirisha moja lilifungwa kwa kishindo.

Waliotoroka siku ile wameanza kulala matetini tena. Nimewaona asubuhi wakitoka na tope mpaka magotini.

Vuli imeanza Pugu tangu jana jioni. Nimekwenda kwenye mkuyu kuitazama alama, maji yako shibiri moja chini yake. Bibi Hamisa ameniuliza pembe ikilia tena tukimbilie wapi. Nijibu wewe, kwa upesi, kabla reli haijakatika.

Dada yako,
Zuena binti Mwishehe